Marahaba Bila Shikamoo

Siku Amosi alipokwenda kwa mama Gerald kwa mara ya kwanza, alikwenda kununua matenga ya kusafirishia kuku. Matenga aliyapata, lakini kwa bei ya mwenye mali. Jambo hilo lilikuwa halijamtokea pale Iguguno tangu aache baiskeli na kupanda pikipiki.

Amosi alikuwa mnunuzi wa kuku, na biashara hiyo hakufundishwa na mtu. Alianza na majike matatu ya mkopo, akazunguka vijijini mpaka tairi likawa na viraka vingi kuliko mpira. Alijua kumpapasa kuku kifuani akataja uzito wake bila mizani. Alijua pia kwamba kila nyumba ina kuku mmoja asiyeuzwa, hata ukimwaga fedha namna gani. Huyo ni kuku wa mgeni. Mgeni akiaga, mwenye nyumba mwenyewe humkamata, humfunga miguu na kumkabidhi mlangoni. Mwenye nyumba ndiye hutoa, mgeni hupokea, na hakuna anayebadilisha hapo. Amosi alikuwa amekwisha kuwasihi akina mama wengi wamuuzie huyo mmoja, maana mara nyingi ndiye aliyenona kuliko wote, na wote walimcheka.

Katika kununua alikuwa na taratibu zake. Usioneshe unakihitaji kitu. Taja kasoro kabla ya kuuliza bei. Usikae, kwa sababu mnunuzi akikaa amekwisha, ataletewa maji, ataulizwa habari za nyumbani, na bei itapanda huku anacheka. Na ya mwisho: ondoka, uitwe.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Karibu, kigoda hicho."

Hakukaa. Alizunguka lile rundo la matenga yaliyosukwa kwa fito za mti wa mkole, akayasukuma kwa mguu.

"Haya ya kwako mama, mbona kama yamelegea mgongo?"

"Ee? Basi usiyachukue, baba. Kuku wakikuchomokea njiani utanitukana."

Amosi akataja bei yake. Mama Gerald akataja ya kwake, kwa sauti ile ile ya kukaribisha kigoda. Amosi akacheka kwa dharau kidogo, akageuka, akaiendea pikipiki. Akaifuta kiti. Akapiga kiki, akajifanya imegoma. Akapiga tena. Hakuna aliyemwita. Alipogeuza shingo aliona kwamba yule mama amekwisha kumsahau, kwa sababu watoto walikuwa wametoka shule na wanaingia uani kwake.

Alibaki pale akiwatazama, kwanza kwa hasira, halafu kwa udadisi.

Walikuwa watoto wa majirani, sare zimejaa vumbi. Kila mmoja aliamkia, akapita. Mama Gerald hakumtuma mtu wala kumuuliza mtu habari za shule. Msichana mmoja, Lucy wa nyumba ya pili, alikwenda moja kwa moja kwenye gogo la kupondea magome, akanyanyua rungu na kuanza kuponda kana kwamba lile gome limemwibia. Magome hayo hupondwa mpaka yalainike, yachanwe nyuzi, nyuzi zisokotwe kamba. Mama Gerald alimtazama kidogo, akaenda kumchagulia gome nene zaidi, akaliweka mbele yake na kuondoka. Mtoto mwingine alichukua fito akajificha nazo nyuma ya pipa la maji, akaanza kuzimenya polepole. Mama Gerald alihamisha kigoda chake, akakaa upande wa pili wa pipa, akamenya na yeye. Hawakusemezana. Wengine wawili walikaa katikati ya ua wakasuka, wanagombania fito na kuchekana.

Amosi hakuweza kuvumilia. Alirudi.

"Mama, hawa nani kawapanga?"

"Wamejipanga."

"Yule wa kuponda mikono yake myepesi, mweke kwenye kusuka. Wale wawili wanacheza tu. Ukiwapanga vizuri hawa, mama, matenga yatatoka mara mbili."

Mama Gerald alimtazama kama anavyotazamwa mtu wa Iguguno na mtu wa Issuna, maana yeye kwao Issuna, aliolewa huku, na Wanyiramba wa huku bado aliwaona watu wanaozungumza kabla ya kufikiri.

"Baba, kazi yao hainipi hata tenga moja. Wanachosuka nafumua kesho asubuhi. Yule leo ana hasira. Kachapwa, kagombana, mimi sijui, na sitamuuliza. Gome likiisha atakuja kula kiazi."

"Na yule wa kwenye pipa?"

"Yule ana huzuni. Huzuni inamenya."

Amosi hakuiona hesabu yake. Lakini gome lilipokwisha kweli Lucy aliliacha rungu, akanawa, akaja kula kiazi huku akimsimulia mama Gerald habari za mbuzi wao aliyezaa, wala hakuna aliyemuuliza. Amosi akatoa fedha, akalipa bei ya mwenye mali, akafunga matenga kwenye pikipiki. Alijiambia amelipa kwa sababu jua limekwenda.

Akawa mteja. Katika kwenda na kurudi akaijua habari ya mama Gerald vipande vipande, kama mtu anavyokusanya kuku nyumba kwa nyumba. Jina lake Esta. Mtoto wake wa pekee, Gerald, alizaliwa hasikii. Watu walimshauri amfungie ndani, wengine wakamwambia amrudishe Issuna kwa wakubwa wakaulize chanzo. Hakufanya lolote katika hayo. Alimkalisha karibu yake kwenye kazi, akamwangalia mikono. Mtoto akikasirika aliponda, akiogopa alimenya, akifurahi alisuka vitu visivyo na jina. Gerald sasa alikuwa fundi seremala mjini Singida, ana mke na watoto wanaopiga kelele kuliko watoto wote.

"Tangu azaliwe hajaniambia neno," mama Gerald alimwambia Amosi siku moja akiwa anakaza kamba kwa meno. "Na haijapita siku sijajua ana nini. Nyie wa kwenu mnawauliza, wanawadanganya, mnaridhika."

Amosi alicheka. Wakati huo hakuwa na la kuuliza mtoto yeyote, kwa kuwa yeye na mkewe Catherine hawakujaliwa.

Halafu dada yake Elina akafariki.

Elina alikuwa ameolewa mbali, Mitundu, huko mbele ya Itigi. Mumewe alikuwa machimboni na hakuwa mtu wa kurudi. Elina alipougua, aliyemuuguza ni mama mkwe wake, bibi Eliza, na Elina alipoona haponi alimpigia kaka yake simu. Sauti ilikuwa imekwisha, ikabaki pumzi. "Yasinta usimwache, Amosi." Amosi, ambaye katika maisha yake hakuwahi kukubali jambo bila kuuliza masharti, alikubali. Baada ya matanga alimpakia mtoto kwenye basi, akaja naye Iguguno.

Yasinta alikuwa wa darasa la kwanza. Tangu kaburi lifunikwe hakusema. Si kwamba alikuwa bubu, maana kabla ya hapo alikuwa mtoto wa kuimba mpaka majirani wanachoka. Alikula, alifagia, alikwenda shule akarudi. Mwalimu alimwachia kona yake. Waganga wa hospitali walimtazama koo, masikio, wakasema mzima, apewe muda. Catherine alimpa muda. Amosi aliona muda bila tarehe ni deni lisilolipika.

Lililomuumiza zaidi lilikuwa shikamoo. Kwao mtoto asiyesema anaweza kuvumiliwa, lakini mtoto asiyeamkia mkubwa ni aibu ya nyumba nzima. Wazee walisimama mlangoni wakingoja. Yasinta aliinamisha kichwa, basi. Wazee waliondoka wamenuna, na mmoja alimwambia Amosi uso kwa uso, "Fedha unazo, bwana, malezi huna."

Siku aliyompeleka kwa mama Gerald hakumpeleka kwa tiba. Catherine alikuwa kanisani, naye Amosi hakuwa na wa kumwachia.

"Amkia," alimsukuma begani. "Amkia bibi, wewe."

Yasinta aliinamisha kichwa.

"Marahaba, mwanangu," alisema mama Gerald. "Hujambo?"

"Hajasema kitu, mama," Amosi akasema kwa soni.

"Nimesikia."

"Umesikia nini na hajafungua mdomo?"

"Baba, wewe umekuja kuchukua matenga au kunifundisha kuitikia?"

Mtoto aliinua macho akamtazama yule mama kwa muda mrefu. Kisha akazunguka uani, akagusa fito, akagusa maji ya pipa, na mwisho akalishika rungu. Akaponda. Mama Gerald akaenda kumchagulia gome nene kuliko yote aliyokuwa nayo.

Kuanzia hapo Yasinta alikwenda kila alipotoka shule. Aliponda wiki baada ya wiki. Wenzake walihama kutoka kuponda kwenda kumenya, kutoka kumenya kwenda kusuka, wakarudi tena. Yeye gogo lilikuwa lake. Magome mengine aliyaponda mpaka yakawa unga usiofaa hata kuwashia moto.

"Anakuharibia mali," Amosi alisema.

"Yangu hiyo."

"Mpe fito asuke. Atajifunza kitu."

"Bado hajamaliza."

"Atamaliza lini?"

"Wewe kuku wako akiatamia, unamfunua kila asubuhi kumuuliza?"

Basi katikati ya hayo ikaja salamu kutoka Mitundu. Bibi Eliza alikuwa amesikia, maana maneno hupanda basi bila nauli, kwamba mjukuu wake huko kwa mjomba hasemi wala haamkii. Akatuma ujumbe wa wazi: alizeti zikishavunwa atakuja mwenyewe. Mtoto ni wa ukoo wa baba yake. Akimkuta ameharibika atamchukua, na asitafutwe mtu wa kumbembeleza.

Catherine alilia. Amosi hakulia, aliwaza. Kwa jinsi alivyoliona, jambo lote lilisimama kwenye neno moja. Bibi atafika mlangoni, mtoto aseme shikamoo, hoja ya bibi ianguke. Neno moja! Na yeye alikuwa mtu wa kununua.

Asubuhi moja alimwita Yasinta mbele ya banda la kuku wa kusafirisha.

"Yasinta, sikiliza biashara. Chagua kuku humu, yeyote. Awe wako, mayai yake yako, vifaranga vyako. Mimi nataka kitu kidogo tu. Siku bibi akija, umwambie shikamoo. Mara moja. Tumeelewana?"

Mtoto aliingia bandani. Aliwapita waliosimama mbele, akawapapasa wawili watatu kifuani kama alivyomwona mjomba akifanya, akatoka na tetea jekundu lenye kishungi, ambalo Amosi alikuwa amelitengea mteja maalumu. Amosi akafunga mlango wa banda. Yasinta alilifunga kitambaa mguuni, likawa lake.

Kesho yake Amosi akataka kuonja mzigo.

"Haya, tujaribu. Shika..."

Yasinta akamtazama.

"Shikamoo. Sema."

Yasinta akamkumbatia kuku wake, akaondoka naye kwenda kumpa pumba. Catherine alikuwa mlangoni ameshika ungo, alicheka mpaka ungo ukamwagika.

"Baba wewe! Umelipa kabla ya kuona mzigo? Wewe Amosi? Ngoja nikawasimulie sokoni!"

"Mtoto huyu tapeli," alisema Amosi, na kwa mara ya kwanza tangu msiba alicheka na yeye.

Lakini alizeti zilikuwa zimeinamisha vichwa mashambani, na zilivyozidi kukauka ndivyo Amosi alivyozidi kukosa subira. Kama neno halipatikani, aliwaza, basi kipatikane kitu cha kuonesha. Bibi akikuta mtoto ana ufundi, anasuka tenga zuri kwa mikono yake, nani atasema ameharibika? Akaenda kwa mama Gerald mchana mmoja akamkuta hayupo, amekwenda bondeni kukata fito. Watoto walikuwa wamekwisha kuanza, kila mmoja mahali pake. Amosi alivua koti, akafanya aliyokuwa akiyatamani tangu siku ya kwanza. Aliwapanga.

"Wewe huku. Wewe acha kumenya, njoo usokote. Yasinta, weka rungu. Kaa hapa, shika fito, nitakuonesha."

Yasinta hakuliachia rungu. Amosi alimnyang'anya. Hakumpiga, wala hakumkaripia kwa sauti. Aliliondoa tu mikononi mwake, kama unavyoondoa kitu cha mtu kwenye njia, akampa fito.

Mama Gerald aliporudi na mzigo kichwani alikuta ua umenyamaza. Watoto wamekaa kwenye mistari kama wanaongoja chanjo. Amosi alikuwa anazunguka, jasho linamtoka.

"Yasinta hayupo," alisema. "Nimegeuka tu. Hayupo."

Mama Gerald alitua fito. Hakuuliza yaliyotokea, alitazama ile mistari akaelewa. Akasikiliza. Kisha akaenda taratibu kwenye matenga makubwa yaliyokuwa yamepangwa ukutani. Katika moja, kifuniko kimevutwa juu, ndani kati ya fito lilionekana gauni la shule.

Amosi alitaka kukimbilia. Mama Gerald alimshika mkono, na ulikuwa mkono wa mtu anayepinda miti kila siku.

"Unataka kufanya nini?"

"Nimtoe!"

"Ameingia mwenyewe. Rungu lake liko wapi?"

Amosi alilionesha.

"Kaa hapo uponde."

"Mimi?"

"Si wewe uliyelitaka? Ponda."

Amosi alikaa. Alichukua gome, akaliweka kwenye gogo, akapiga. Alipiga kama mtu anayeona haya, huku watoto wa watu wanamtazama. Akapiga tena. Mama Gerald aliwaashiria wengine, wakarudi mmoja mmoja kwenye kazi walizozichagua, na ua ukaanza kupumua. Yeye mwenyewe aliketi chini karibu na lile tenga, akamenya fito, na kila aliyoimaliza aliipenyeza ndani. Mara ya kwanza ilibaki ilipowekwa. Baadaye ikachukuliwa.

Amosi akaendelea kuponda. Katika mapigo hayo, bila kuitwa, Elina akamjia. Si Elina wa kitandani. Ni Elina mdogo, anayembebea maji wakati anaziba pancha, anayemwambia "kaka, siku moja utanunua gari." Amosi hakuwa amelia msibani. Alikuwa na kazi: sanda, usafiri, chakula cha waombolezaji, kuwapunguza bei wenye maturubai. Alikuwa amejisifu kwamba mambo yalikwenda vizuri. Sasa alipiga lile gome, na lile gome halikupungua bei. Alilipiga mpaka vumbi lake likamwingia machoni, na kila mtu anajua vumbi la magome linavyowasha. Alijifuta kwa mkono wa shati, akapiga tena, akajifuta tena.

Kifuniko cha tenga kiliinuka. Yasinta alitoka, ana alama za fito mashavuni. Alikwenda akasimama mbele ya mjomba wake, akamtazama anavyofanya, akatikisa kichwa kama fundi aliyechoshwa na mwanafunzi. Akachota maji kwa kopo, akalilowesha lile gome. Kumbe hulowekwa kwanza, Amosi alikuwa anaponda kavu. Kisha mtoto akakaa, akaushika upande wa pili wa gome ili lisiruke. Mjomba akapiga, mtoto akageuza. Hivyo mpaka likalainika.

"Tuondoke?" Amosi aliuliza baadaye.

"Mmelipasua gome langu zuri," alisema mama Gerald. "Nitaliongeza kwenye bei."

Bibi Eliza alishuka kwenye basi barabarani alizeti zikiwa zimejaa magunia kila mlango. Alikuwa mzee aliyenyooka, kanga mpya, mfuko mmoja. Amosi alimpokea kwa heshima zote.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nimekuja na nauli ya kurudi watu wawili, usije ukasema sikukwambia."

Mlangoni Yasinta alitokea. Bibi Eliza alisimama akingoja. Yasinta aliinamisha kichwa, chini kabisa, akakaa hivyo.

"Ndivyo mlivyomfundisha?" bibi aliuliza.

Amosi alikuwa amejiandalia maneno mengi. Alikuwa na mfano wa kuku, mfano wa shamba, ahadi na hesabu. Lakini alipomwona yule mzee anavyoubana mfuko wake kifuani kwa mikono ile ile iliyomgeuza Elina kitandani, maneno yote aliyaona ya kitapeli.

"Mama, kaamkia," alisema. "Hivyo ndivyo anavyoamkia siku hizi. Sisi tunaitika."

"Mnaitika nini?"

Yasinta alimshika bibi yake mkono, akamvuta. Bibi alivutwa huku analalamika kwamba hajanywa hata maji, miguu imevimba kwa safari, huu ni utaratibu wa wapi. Amosi na Catherine walifuata nyuma. Wakapita nyumba ya kina Lucy, wakaingia kwa mama Gerald. Mama Gerald aliinuka, wakaamkiana wazee kwa wazee, akatoa kigoda, hakuuliza.

Yasinta alilowesha gome, akaliweka kwenye gogo. Akachukua rungu lake, ambalo hakuwahi kumpa mtoto mwingine yeyote, akaliweka kwenye mapaja ya bibi.

"Hiki nini? Nimekuja kufanyishwa kibarua?"

"Anakupa, mama," alisema mama Gerald. "Ukitaka."

Bibi Eliza alilipima rungu. Alipiga mara moja, kwa hasira ya mgeni aliyedharauliwa. Mtoto aligeuza gome. Alipiga tena. Mtoto akageuza. Kanga ilimteleza kichwani na hakuirudisha. Katikati ya mapigo alianza kusema chinichini, si na mtu. "Nilimwambia ale. Nilimpikia uji wa ulezi. Nilimwambia Elina, mwanangu, kula." Akapiga, akapiga, mpaka akashindwa kunyanyua. Rungu likabaki mapajani. Yasinta alisogea akaegemeza mgongo wake kwenye goti la bibi, wakakaa hivyo wanatazama upande mmoja.

Baadaye bibi aliweka mkono juu ya kile kichwa.

"Marahaba," alisema. "Marahaba, mjukuu wangu."

Alikaa kwa Amosi siku chache, akala vizuri, akasaidia kupepeta. Habari ya nauli ya watu wawili hakuigusa, na Amosi hakuthubutu kuuliza. Asubuhi ya safari bibi alimwita mtoto uani.

"Yasinta. Mimi naondoka. Kule ni kwenu, kaburi la mama yako liko kule, na mimi niko. Hapa nako nimeona. Sitakuvuta. Fanya unavyotaka, nikuone."

Yasinta alikwenda bandani. Alirudi na lile tetea jekundu, miguu imefungwa vizuri, na mkono wa pili ana kitenga kidogo, kimepinda upande, fito nyingine ndefu nyingine fupi. Alikuwa amekisuka mwenyewe, na mama Gerald hakukifumua. Akamwingiza kuku.

Anafungasha, Amosi alijisemea. Anachukua mali yake anaondoka. Catherine aliingia ndani ili asionekane.

Mtoto alibeba kitenga kwa mikono miwili, akampita mjomba, akamfikia bibi Eliza aliyekuwa amekwisha kuvuka kizingiti. Akakinyanyua, akamkabidhi. Kisha akarudi nyuma, akasimama mlangoni kwa ndani, bega lake limegusa mkono wa Amosi.

Hakuna aliyehitaji kuambiwa. Mwenye nyumba ndiye hutoa kuku, mgeni hupokea.

Bibi Eliza alikitazama kitenga, akamtazama mtoto pale aliposimama. Akacheka kicheko cha meno machache.

"Haya! Nimeagwa. Nimekuja kuchukua mtu narudi na kuku." Akamgeukia Amosi. "Huyu ni mfanyabiashara. Kakupita wewe."

"Kanipita zamani, mama. Kwa huyo kuku aliniuzia hewa."

"Likizo aje Mitundu."

"Atakuja."

"Aje na mdomo au bila mdomo, simdai."

Basi lilipoondoka Yasinta alipunga mkono mpaka vumbi likatua.

Neno lenyewe lilikuja baadaye, wakati vuli inanyemelea, na Amosi hakulisikia. Alikuwa mnadani Itigi anagombania bei ya majogoo. Catherine alipiga simu anahema.

"Amesema! Baba Yasinta, amesema!"

"Amesema nini? Shikamoo?"

"Amemwambia mbuzi 'toka'. Alikuwa anakula unga."

Amosi aliishusha simu katikati ya kelele za jogoo. Neno alilolilipia tetea zima la kishungi lilikuwa limekwenda kwa mbuzi, bure, yeye hayupo. Siku ile alipata faida nzuri, na njia nzima ya kurudi faida hiyo hakuikumbuka hata mara moja.

Yasinta sasa husema, ila si mwingi wa maneno, na siku nyingine huamkia kwa kichwa tu. Pale nyumbani huitikiwa vyote. Bibi Eliza yule kuku hakumchinja. Kuku huyo aliatamia, na Yasinta alikwenda likizo akavikuta vifaranga vimekuwa. Mjukuu hakumpata wa kuishi naye, ila simu yake hulia kila Jumapili, na akiipokea husikia pumzi ya Yasinta, na yeye huitika. Mama Gerald alipoteza magome ya msimu mzima. Alipata mnunuzi ambaye hasemi tena habari za mgongo uliolegea.

Maana Amosi siku hizi akifika pale hukaa. Hutafuta kigoda mwenyewe, hunywa maji, hujibu habari za nyumbani mpaka za shangazi. Mnunuzi akikaa amekwisha, hilo halijabadilika, na matenga ya mama Gerald ni ghali kuliko ya mtu yeyote kutoka Iguguno mpaka Singida mjini. Amosi hulipa. Na akirudi safari mbaya, kabla hajataja idadi ya matenga, hupita kwanza kwenye gogo, na mama Gerald huenda kumtafutia gome nene.